Nusu Karne ya Kumhesabia Mlaji Senti Zake

Mwaka 2023 jimbo la New York lilikuwa na jubilei mbili ambazo hazikupigiwa mizinga wala matarumbeta. Ya kwanza ni ya dhahabu: NYPIRG, shirika la wanafunzi wa vyuo linalofanya utafiti na kutetea maslahi ya umma, lilitimiza miaka 50 tangu lilipoanzishwa 1973. Ya pili ni ya senti 5. Ilitimia miaka 40 tangu mnunuzi wa soda au bia katika jimbo hilo aanze kuacha senti 5 dukani kwa kila chupa au kopo, na kurudishiwa anapolileta likiwa tupu. Waliopigania senti hizo mstari wa mbele ni hao hao wenye jubilei ya kwanza.

Tunatoa heko kwa NYPIRG tukijua fika kwamba wasomaji wetu wengi hawajawahi kulisikia jina hilo. Wakubwa wa Wall Street wana majengo yanayowatangaza, na wanasiasa wa jimbo wana picha zao kila kona. Shirika la wanafunzi linalofuatilia miswada, linalopima mwendo wa mabasi na kusoma bajeti kurasa kwa kurasa halina cha kujipamba nacho isipokuwa matokeo. Na matokeo yapo. Katika nusu karne hii limethibitisha jambo moja ambalo watetezi wa walaji kila mahali wangepaswa kulibandika ukutani: kilio kikifanyiwa hesabu, na hesabu ikipata watu wa kuisimamia mwaka baada ya mwaka, hugeuka sheria. Kilio kitupu huishia gazetini.

Ili kuuona uzito wa jambo hili, lazima turudi nyuma kidogo. Mwaka 1965 mwanasheria kijana, Ralph Nader, mtoto wa wahamiaji kutoka Lebanon, alitoa kitabu kilichoonyesha kwamba viwanda vya magari vya Marekani vilikuwa vikitanguliza mapambo na kuuweka nyuma usalama wa abiria. Kampuni ya General Motors ikaajiri wapelelezi wa kumchimba maisha yake. Siri ikafichuka, na mwaka uliofuata mkuu wa kampuni hiyo akaomba radhi mbele ya kamati ya Seneti. Nader akafungua kesi, na mwaka 1970 akalipwa dola 425,000 kwa makubaliano nje ya hukumu. Badala ya kujijengea jumba, fedha hizo akaziingiza katika kazi ya kutetea umma.

Wakati huohuo vyuo vya Marekani vilikuwa vinawaka moto. Vijana walikuwa wakiandamana kupinga vita vya Vietnam, na mwaka 1971 katiba ikarekebishwa ili mwenye miaka 18 apige kura, badala ya kusubiri 21. Nader na mwenzake Donald Ross wakazunguka vyuoni na hoja nyepesi kueleweka. Mwanafunzi ana hasira na nguvu, lakini ana mitihani, na baada ya miaka minne anaondoka. Kampuni haiondoki. Basi wanafunzi wachange dola chache kila mmoja, waajiri wanasheria, wanasayansi na wachumi watakaobaki kazini hata wao wakishahitimu. Minnesota na Oregon zilitangulia. New York ikafuata 1973, na Ross mwenyewe akawa mkurugenzi wake wa mwanzo.

Kwa nini waliyalenga majimbo na kuiacha Washington? Kwa sababu mambo mengi yanayomgusa mlaji wa Marekani mfukoni huamuliwa katika makao makuu ya jimbo lake: bei ya umeme, bima ya gari, mkataba wa nyumba ya kupanga, ada ya chuo, nauli, taka. Kwa New York makao hayo ni Albany, mji mdogo ulio kilomita 240 hivi kaskazini mwa jiji kubwa. Huko viwanda na mabenki huweka mawakili wa kudumu ambao kazi yao ni kukaa koridoni na kumnong'oneza mbunge kabla hajaingia ukumbini. Mkaazi wa Brooklyn anayelalamikia bili yake hawezi kufunga safari ya saa tatu kila mswada unapojadiliwa. NYPIRG ilikwenda kukaa kwenye korido hizo kwa niaba yake, na haijatoka mpaka leo.

Ushindi wake mmoja wa mapema uliwahusu wanafunzi wenyewe. Kwa miongo mingi kijana wa Kimarekani aliyetaka kuingia chuo kikuu alifanya mtihani uitwao SAT, akapokea namba kwa posta, basi. Maswali hakuyaona tena. Hakujua alikosa wapi, wala kama msahihishaji ndiye aliyekosea. Kwetu Afrika Mashariki jambo hilo lingeshangaza, maana karatasi za mitihani ya taifa ya miaka iliyopita huuzwa mpaka kwenye meza za barabarani, na mtoto wa kidato cha nne huzitumia kujinoa. Kule wenye mtihani walishikilia kwamba maswali ni mali yao. NYPIRG ikapeleka hoja Albany kwamba mtahiniwa amelipa ada, kwa hiyo ni mlaji kama walaji wengine, na mlaji ana haki ya kukagua alichouziwa. Seneta Kenneth LaValle akaubeba mswada, na mwaka 1979 Gavana Hugh Carey akautia saini. Kuanzia 1980 wenye mitihani ya kuingilia vyuo walitakiwa kuonyesha maswali na majibu baada ya mtihani. Vyuo vya udaktari vilikimbilia mahakamani, na mtihani wao ukanusurika. SAT haikunusurika.

Faida ilionekana haraka, tena mbali na New York. Shinikizo la sheria ile lilikuwa limewafanya wenye mitihani waanze kuwarejeshea watahiniwa maswali na majibu hata katika majimbo mengine. Katika mtihani wa majaribio wa Oktoba 1980 lilikuwamo swali la piramidi mbili. Moja ina nyuso nne, zote pembetatu. Nyingine ina kitako cha mraba na pembetatu nne. Pembetatu zote zina pande sawa na ukubwa mmoja. Ukizigandisha pamoja uso kwa uso, umbo jipya lina nyuso ngapi? Watunzi walijumlisha nne na tano, wakatoa mbili zilizofichika, wakapata saba. Mwanafunzi wa miaka 17 kutoka Florida alijibu tano, akapigwa mkasi. Alipoona jibu lililokubaliwa, hakukubali kushindwa. Alionyesha kwamba piramidi hizo zikishikana, nyuso mbili za moja hulala sawasawa na nyuso mbili za nyingine, kila jozi ikawa uso mmoja. Saba zikabaki tano. Alikuwa sahihi, na mabingwa walikuwa wamekosea. Mwaka 1981 watahiniwa takriban robo milioni wakasahihishiwa alama. Lau maswali yangebaki kabatini, kosa lile nalo lingebaki kabatini.

Tuje kwenye chupa. Msomaji wetu hahitaji kufundishwa habari ya hela ya chupa. Aliyekulia Mombasa, Morogoro au Bujumbura anajua kwamba soda ya chupa ya kioo hainywewi mbali na duka mpaka uache chochote, au uje na chupa nyingine ya kubadilisha. Marekani nayo ilikuwa hivyo zamani, kisha viwanda vikagundua kwamba kopo na plastiki za kutupa zina nafuu kwao. Nafuu hiyo ilikuwa mzigo kwa wengine. Halmashauri zililipa gharama za kuzoa taka, wakulima wakakuta vigae mashambani, na fukwe zikajaa makopo. Oregon ilipitisha sheria ya kurudisha chupa mwaka 1971. New York ilichukua zaidi ya miaka kumi mingine, kwa sababu viwanda vya vinywaji na wenye maduka makubwa walipambana na kila mswada uliotokeza. Wanafunzi wa NYPIRG waligonga milango ya nyumba, wakakusanya saini, wakapeleka wapiga kura kwa wabunge wao. Sheria ikapita 1982, na mwaka uliofuata senti 5 za kwanza zikaanza kurudi.

Leo sheria hiyo inasaidia kurejesha makopo na chupa zaidi ya bilioni 5 kwa mwaka. Imeleta pia kitu ambacho pengine waandishi wake hawakukifikiria, nacho ni riziki. Nenda Bushwick, Brooklyn, kwenye kituo cha Sure We Can, utawakuta wazee, wahamiaji na watu wasio na makazi wakisukuma vitoroli vilivyobeba mifuko mirefu kuliko wao. Humwaga, huchambua, makopo ya kampuni hii huku, chupa za kampuni ile kule, kioo mbali na plastiki, kisha huhesabu. Makopo 200 ni dola 10. Ni kazi ya kuchosha, yenye harufu ya bia iliyochacha, na hakuna anayetajirika nayo. Lakini ni fedha halali inayotokana na kitu ambacho kingekuwa mtaroni, na mwokotaji hamwombi mtu.

Ushindi huo ulikuwa na tundu, na namna NYPIRG ilivyoliziba inatufundisha zaidi ya ushindi wenyewe. Si kila mtu hurudisha chupa. Senti 5 ya chupa iliyotupwa huenda wapi? Kwa miaka 26 ilibaki kwa viwanda, yaani walioipinga sheria ndio waliokuwa wakinufaika kila raia alipoipuuza. Tena sheria ilitaja soda na bia, ikasahau maji, wakati maji ya chupa yalikuja kutapakaa kila mkono. Watetezi hawakusema yamekwisha. Walirudi Albany kikao baada ya kikao wakiwa na hesabu ya mamilioni yaliyokuwa yakipotea. Hatimaye, mwaka 2009, maji yakaingizwa, na ikaamriwa kwamba asilimia 80 ya fedha zisizodaiwa iende katika hazina ya jimbo. Kampuni za maji zilikwenda mahakamani na kuchelewesha utekelezaji kwa miezi kadhaa, mpaka 31 Oktoba. Tangu hapo hazina imekuwa ikiingiza zaidi ya dola milioni 100 kwa mwaka kutokana na chupa ambazo wenyewe walizitupa.

Uwanja wa tatu ni usafiri, na hapa ndipo NYPIRG ilipojulikana zaidi mitaani. Mwaka 1979, treni za chini ya ardhi za New York zilipokuwa chafu, za hatari na za kuharibika ovyo, lilianzisha Kampeni ya Straphangers, kwa ajili ya abiria wanaosafiri wima wameshika vishikio. Hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1980 behewa liliharibika, kwa wastani, kila baada ya maili 7,000 hivi. Mamlaka ya usafiri, MTA, ni chombo cha jimbo, kwa hiyo dawa ilipaswa kutafutwa Albany, kwenye mipango ya fedha za reli, mabehewa na karakana. Mwanasheria Gene Russianoff, aliyejiunga na NYPIRG mwishoni mwa miaka ya 1970 na kukaa zaidi ya miongo mitatu, akawa sauti ambayo wakuu wa MTA waliizoea na kuihofu. Fedha zilipowekezwa kwa mfululizo, baada ya mwaka 2000 wastani huo ulipita maili 100,000.

Lakini fahari kubwa ya kampeni hiyo, kwa maoni yetu, ni nauli moja. Katikati ya miaka ya 1990, mkaazi wa pembezoni mwa Queens au mashariki ya Brooklyn, ambako treni haifiki, alipanda basi kwa dola 1.50, kisha akashuka kituoni na kulipa dola 1.50 nyingine ili apande treni. Kwenda na kurudi ni dola 6. Mwenzake wa Manhattan, aliyekaa hatua chache kutoka kituoni na ambaye mara nyingi alikuwa na kipato kikubwa zaidi, alilipa dola 3. Ramani ya jiji ilikuwa inawatoza maskini mara mbili. Kila abiria wa pembezoni aliujua uonevu huo, lakini ulihitaji mtu wa kuuweka kwenye karatasi, kuupigia hesabu ya mwaka mzima na kuupeleka kwa gavana na bodi bila kuchoka. Tarehe 4 Julai 1997 basi na treni viliunganishwa kwa nauli moja kupitia kadi ya MetroCard. Mwaka mmoja baadaye zikaja kadi za kusafiri bila kikomo. Abiria wa mabasi wakaongezeka kwa kasi, ishara kwamba watu walikuwa wakitembea kwa miguu kwa kuikwepa nauli ya pili, wala hawakuwa wakipenda mazoezi.

Mbinu waliyotumia haina uchawi. Wafanyakazi na wanafunzi wa kujitolea walipewa karatasi na saa, wakapanda treni. Waliandika behewa lipi lina uchafu sakafuni, tangazo la hitilafu linasikika au linakoroma, simu za kulipia vituoni zinafanya kazi au zimekufa. Kutokana na kumbukumbu hizo na takwimu za MTA yenyewe wakatoa ripoti ya kila mwaka inayoipa kila njia ya treni alama yake, kama mwalimu mkali anavyosoma matokeo mbele ya darasa. Kwa mabasi wakabuni tuzo ya Pokey, konokono wa rangi ya dhahabu anayepewa basi la polepole kuliko yote. Basi la M42, linalokatiza Manhattan katika mtaa wa 42, limewahi kuitwaa kwa mwendo usiofika maili 4 kwa saa, yaani kasi ya mtu anayetembea akiwahi miadi. Watu walicheka, magazeti yakachapisha picha ya konokono, na wakuu waliokuwa tayari kujibu malalamiko kwa lugha ya kiofisi wakakuta wanajibu namba.

Tungeweza kuendelea. Mwaka 1976 watafiti wa NYPIRG walichunguza jinsi mabenki ya Brooklyn yalivyopokea akiba za wakaazi wa mitaa fulani huku yakiwanyima mikopo ya nyumba wakaazi haohao. Lilikuwa miongoni mwa waliopigania sheria ya 1989 ya kuzuia uvutaji sigara katika sehemu za umma, iliyopanuliwa 2003 mpaka ndani ya baa na mikahawa. Lilikuwa pia katika muungano uliopambana kwa miaka na rangi zenye madini ya risasi katika nyumba za kupanga za jiji, rangi inayobanduka ukutani na kuingia kinywani mwa mtoto atambaaye. Sheria dhaifu ya jiji ya 1999 ilitenguliwa na mahakama ya juu ya jimbo mwaka 2003, na mwaka 2004 sheria kali zaidi ikapita licha ya kura ya turufu ya Meya Michael Bloomberg. Mpaka leo lina dawati linalomwelekeza mwananchi namna ya kufungua kesi katika mahakama ya madai madogo bila wakili, pale fundi anapokula fedha au mwenye nyumba anapoikalia amana.

Kwa wasomaji wetu wa Kenya, hapa pana jina wanalolijua. Mwaka 1985 NYPIRG iliajiri kwa miezi michache kijana mmoja wa kuwahamasisha wanafunzi wa City College, Harlem. Yeye mwenyewe ameandika kwamba sehemu ya kazi yake ilikuwa kuwashawishi wanafunzi waone umuhimu wa kurejeleza taka. Kijana huyo, mtoto wa Mluo wa Kogelo, ni Barack Obama. Muda mfupi baadaye alihamia Chicago, na yaliyofuata dunia nzima inayajua.

Jubilei isiwe ya sifa tupu. NYPIRG imepingwa, na baadhi ya hoja za wapinzani zilikuwa na mashiko. Fedha zake nyingi zilitokana na ada ya shughuli za wanafunzi, ambayo huamuliwa kwa kura chuoni na kisha hulipwa na wote. Mwanafunzi asiyekubaliana na misimamo ya shirika aliuliza: kwa nini nichangie siasa nisizozitaka? Kesi ikafunguliwa na wanafunzi wa Albany, na mwaka 1992 mahakama ya rufaa ya shirikisho ikaamua kwa kugawa haki. Ada inaweza kwenda kwa NYPIRG, lakini itumike kwa shughuli zinazowafaa wanafunzi chuoni hapo, na mwanafunzi asiandikishwe uanachama bila hiari yake. Tunaona uamuzi ule ulikuwa wa haki, na ulilisaidia shirika, kwa sababu linalodai uwazi kwa wengine lilazimika kujieleza kwa wanaolilipia.

Pia lazima tuseme wazi kwamba NYPIRG haikushinda peke yake. Kila sheria tuliyoitaja ilikuwa na wabunge wake, vyama vya wafanyakazi, wazazi, wanamazingira na vikundi vya mitaa vilivyotoa jasho. Na bado kuna deni. Senti 5 ya 1983 ingehitaji kuwa zaidi ya senti 15 leo ili inunue kilekile ilichonunua wakati ule, lakini haijaguswa kwa zaidi ya miaka 40. Pendekezo la kuifanya 10, na kuingiza vinywaji vilivyoachwa nje, linazungushwa Albany kila kikao. Sheria ya 2019 ya kutoza magari yanayoingia katikati ya Manhattan ili fedha ziende kwenye treni na mabasi ilisubiri hadi 2025 ndipo ikaanza kutekelezwa. Mswada wa kuzitaka kampuni kubwa za mafuta zichangie gharama za mafuriko na joto kali ulipita katika Seneti ya jimbo mwaka 2023, ukakwama mwaka huo katika Baraza, chumba cha pili cha bunge la jimbo. Kwa shirika lililoisubiri sheria ya maji ya chupa kwa zaidi ya robo karne, kukwama si habari ngeni.

Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi atauliza: haya yanatuhusu nini? Yanatuhusu kwa sababu sheria za kumlinda mlaji tunazo. Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa mlaji haki ya bidhaa na huduma zenye ubora unaostahili, haki ya taarifa, haki ya kulindwa afya na maslahi yake ya kiuchumi, na haki ya kulipwa fidia akidhurika. Sheria ya Kumlinda Mlaji ilifuata 2012. Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya 2003, na ina mabaraza ya ushauri ya watumiaji wa huduma, EWURA CCC kwa nishati na maji, LATRA CCC kwa usafiri wa ardhini, ambayo yana nafasi ya kusema mapendekezo ya bei yanapowasilishwa. Milango ipo. Kinachopungua ni watu wenye karatasi na saa mkononi wa kuingia humo na namba ambazo wenye kampuni hawawezi kuzipinga.

Hebu fikiria wanafunzi wa chuo kimoja tu cha Mbeya au Kisumu wakiamua, kwa muhula mmoja, kuandika nauli inayotozwa kweli katika njia tano za daladala au matatu asubuhi, mchana na wakati wa mvua, na kuilinganisha na nauli iliyotangazwa. Au waandike saa za maji kukatika mtaa kwa mtaa. Gharama yake haizidi kalamu, daftari na nauli yenyewe. Siku ya mkutano wa kukusanya maoni kuhusu bei mpya, wasiende na mabango peke yake. Waende na daftari. Mdhibiti anaweza kumwambia mwananchi mwenye hasira kwamba malalamiko yake yamepokelewa. Mwenye daftari la siku 90 atamjibu nini? Chuo kina vijana, kina wahadhiri wa takwimu na wa sheria, na kila mwaka kina wanafunzi wanaotafuta mada ya utafiti. Mada hiyo hapo.

La pili la kujifunza ni fedha. Mtetezi wa mlaji akilishwa na mfadhili mmoja, au na kampuni anayopaswa kuichunguza, siku ya siku atapunguza sauti. NYPIRG imedumu kwa sababu mifuko iliyoilisha ni mingi na kila mmoja ni mdogo, kwa hiyo hakuna mwenye mkono mmoja wa kuikaba koo. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba cha namna hiyo hakinunuliki kirahisi. Vyama vyetu vya walaji vinavyosota kwa kusubiri ruzuku vijaribu njia hiyo, hata kwa mchango wa shilingi chache kwa simu, mradi hesabu zake zisomwe hadharani kila mwaka.

La tatu ni kubaki. Wanafunzi wa 1973 sasa wana wajukuu. Wamepita magavana tisa, mabadiliko ya vyama na misukosuko ya uchumi, na dawati la Albany halikufungwa. Viwanda hushinda mara nyingi kwa kuwachosha wapinzani wao tu: mswada unaahirishwa mpaka mtetezi anaoa, anahama au anapata kazi kwingine. Dhidi ya mbinu hiyo dawa ni taasisi, yenye kumbukumbu, yenye mtu wa kupokea faili kutoka kwa anayeondoka.

Kwa NYPIRG tunasema hongereni, na msilegeze: senti 5 imezeeka, ipandisheni. Kwa wabunge wa Albany tunasema mswada wa chupa umezungushwa vya kutosha, upigieni kura hadharani ili mlaji ajue nani alisimama wapi. Na kwa vyama vya wanafunzi wa Afrika Mashariki, ambavyo kila mwaka hutumia mamilioni kwa tamasha la kuwakaribisha wageni, tunasema tengeni sehemu moja ya kumi ya bajeti hiyo mwaka ujao, mnunue madaftari, mgawane njia za mabasi na mitaa ya maji, na muanze kuhesabu.